Kadi Ndefu, Kasha Fupi

Wiki jana mliniacha nikishuka ngazi za maduka ya ghorofa pale Ciudad del Este, boksi nimelikumbatia kifuani, na tandiko langu la farasi limeshakuwa la mtu mwingine.

Aliyekosa gazeti asihangaike, namwambia kwa ufupi. Binti yangu Nimia huchora majengo kwenye kompyuta. Mhandisi Ovelar alimpa hospitali ya wazazi itakayojengwa Hernandarias, akamtaka aitengenezee filamu, ili mtu akae kitini aone anavyoingia getini, anavyopita korido mpaka wodini, wakati tofali la kwanza bado halijalazwa. Filamu inatakiwa Jumatatu. Wakiipata na wakiipenda, Nimia anapewa meza yake ofisini kwa Ovelar. Wasipoipata, anakwenda Madrid, ambako binamu yake Lucila amemtafutia kazi ya kumlea kikongwe mmoja.

Mimi Eligio nimezunguka maisha yangu yote. Nimevuna mate, yale majani ya chai ya kwetu, nimebeba zege kwenye mabwawa, nimeswaga ng'ombe kule Chaco mpaka nikasahau sura ya nyumba. Safari hii nilikuja kukaa. Kwa hiyo Nimia aliponiambia mashine yake haiwezi filamu, kwamba kadi ya picha iliyo ndani yake ni dhaifu, nilibeba tandiko nikampelekea mfugaji mmoja wa Foz, ng'ambo ya mpaka, aliyekuwa akilitamani tangu Krismasi. Yeye akanilipia kadi mpya.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu.

Mtu wa kwetu akienda kununua kitu kwenye maduka yale, hofu yake ni moja tu, kufika nyumbani akakuta boksi lina kipande cha tofali. Tunafundishwa tangu utotoni, usitoke dukani mpaka kitu kiwashwe mbele ya macho yako. Na kikishawaka umekiona, ni chako. Hakirudi.

Nilimwambia muuzaji aichomeke. Akaichomeka kwenye mashine yake ya majaribio juu ya kaunta. Feni mbili zikazunguka, skrini ikawaka, farasi wa kuchorwa akatimua mbio mpaka nikayaona manyoya ya shingo yakipepea. Watu waliopanga foleni nyuma yangu wakatikisa vichwa kwa kuridhika, kana kwamba wao ndio walionunua.

Muuzaji akaniuliza inakwenda kwenye mashine gani.

"Ya kompyuta," nikasema.

Foleni ikacheka. Nikaona haya, nikaongeza kwa kujitutumua kwamba ni mashine ya kiwandani, imekuja imefungwa na wenyewe, haijafunguliwa tangu izaliwe. Niliisema kama sifa. Yule muuzaji akanitazama kidogo, akachukua waya mfupi kwenye droo, akanikabidhi pamoja na boksi. Akasema ni zawadi, huenda nikauhitaji.

Nilifurahia zawadi. Sikuuliza ni ya kazi gani.

Nilifika nyumbani Franco mchana wa Jumamosi. Nimia alikuwa mezani, kompyuta inanguruma, feni ya ukutani inampepea. Nikaweka boksi mbele yake, nikingoja kukumbatiwa.

Hakunikumbatia. Aliligeuza boksi upande huu na upande ule.

"Baba, umeipima?"

"Wameiwasha mbele yangu. Farasi alikimbia vizuri sana."

"Sijauliza kama ni nzima. Umeipima kama itaingia humu?"

Nikaitazama kompyuta yake. Kasha jeusi, jembamba, dogo kuliko mtungi wa gesi. Nikaitazama kadi. Haki ya Mungu, kwenye kaunta haikuwa ndefu vile.

Akaniuliza tandiko liko wapi. Nikamwambia. Akafumba macho, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba sikupaswa kujisumbua. Alisema hivyo mara mbili. Nilidhani ni adabu.

"Basi tumwite Derlis," akasema mwishowe.

Derlis ndiye aliyekuwa mkwe wangu. Ana karakana nyuma ya soko, anaunda kompyuta na kuzitibu. Wasomaji wa zamani mnakumbuka nilivyommwagia terere, kinywaji chetu cha majani na maji ya barafu, kwenye shati jeupe siku ya harusi ya dada yake. Tangu siku hiyo hatujasalimiana.

Alikuja na pikipiki. Akasimama mlangoni, kofia ya chuma kwapani.

"Don Eligio, leo terere ni ya kunywa au ya kumwaga?"

"Inategemea na utakachosema," nikamjibu.

Akaingia. Akaomba bisibisi, akaomba na futi ya cherehani ya Nimia. Alifungua kasha, akalilaza ubavu, akachungulia ndani kwa tochi ya simu. Mimi nilisimama juu ya bega lake kama jamaa wa mgonjwa.

Alipima kadi, akapima nafasi. Kadi ilizidi kwa upana wa vidole vitatu, maana mbele yake palikuwa na kizimba cha bati kilichoshika diski, yaani kile kisanduku ambamo kompyuta huhifadhi kazi zote. Nikauliza kama kizimba hakiwezi kung'olewa. Akasema kinaweza, lakini hilo ndilo tatizo dogo.

Akaniita nisogee, akaniangazia kisanduku cha umeme kilichokuwa kwenye kona. Pawa saplai. Ilikuwa na karatasi ubavuni.

"Soma hapo, mzee."

"Wati mia mbili na arobaini."

"Hizo ndizo zote. Za kulisha kasha zima. Kadi yako peke yake inataka zaidi ya nusu, na inataka iletewe kwa waya wake mnene. Unauona waya huo humu?"

Sikuuona.

Nikamwambia basi tununue pawa saplai kubwa, tuweke. Hapo akacheka, si kwa kunidharau, ni kama mtu aliyechoka. Akanionyesha plagi inayoingia kwenye bodi. Kumbe viwanda vinavyouza kompyuta zilizokwisha kufungwa huwa na plagi zao wenyewe na maumbo yao wenyewe. Pawa saplai ya kawaida ya dukani haiingii, si kwa tundu wala kwa skrubu. Ukitaka kubadilisha kimoja, unabadilisha vyote.

Nikakumbuka zawadi. Nikautoa ule waya mfupi mfukoni.

Derlis aliuchukua kwa ncha za vidole. Uso ukambadilika.

"Huu unachukua umeme kwenye waya wa diski na kuupeleka kwenye kadi. Waya wa diski ni mwembamba. Umetengenezwa kulisha kuku, wewe unataka ulishe ng'ombe." Akaniangalia machoni. "Usiuchomeke. Nasema kwa heshima, Don Eligio. Usiuchomeke hata kwa kujaribu."

Kisha akatupa matumaini. Alisema kuna kadi fupi, dhaifu kidogo kuliko hii lakini inatosha, ambayo haitaki waya wowote. Umeme inaunyonya palepale inapokaa. Anamjua mtu anayo, na mtu huyo atakubali kubadilishana na hii ndefu. Ataileta Jumapili, kabla ya chakula cha mchana. Tusubiri tu.

Nimia alimshukuru, akamsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Wakaongea huko nje kwa muda. Nimia aliporudisha mlango nikajiambia, mzee, safari hii umeponea chupuchupu.

Na ingekuwa hivyo, lau ningeweza kukaa kimya kama watu.

Jumapili asubuhi niliamka nikasikia sauti chumbani kwake. Alikuwa anaongea na Lucila wa Madrid kwa simu. Sikutega sikio, nyumba yetu ndiyo haina dari. Lucila alikuwa akiuliza jambo, na Nimia akajibu, "Ndiyo, nimeshalishusha kabatini."

Kilichokuwa juu ya kabati ni sanduku lake la safari.

Damu ikanipanda. Kwa akili yangu niliona hivi: mtoto amekata tamaa. Anaona Jumatatu imefika, mashine mbovu, baba ameleta kadi isiyoingia, na Derlis ni yuleyule Derlis, akisema kabla ya chakula cha mchana, atakuja usiku. Nikisubiri, ataondoka.

Alitoka akisema anakwenda kununua chipa, mikate yetu ya jibini. Nikangoja mpaka geti lilipolia.

Nikachukua bisibisi.

Kung'oa kizimba cha bati hakukunipa taabu, mikono hii imefungua mageti makubwa kuliko hicho. Diski ikabaki bila pa kukaa, nikaiacha ining'inie kwa waya wake kama kuku aliyefungwa miguu. Nikaichomoa kadi ya zamani, nikaisukuma mpya. Ikalia kitu, ta, ikakaa. Ilienea ndani ya lile kasha kama mguu mnene ndani ya kiatu cha kuazima, lakini ilienea.

Nikaushika ule waya. Maneno ya Derlis niliyasikia wazi, kama amesimama nyuma yangu. Na huenda kama angekuwa mtu mwingine aliyeyasema, ningeyatii.

Nikauchomeka.

Nikabonyeza kitufe. Kimya. Halafu feni mbili zikaanza kuzunguka, polepole, kisha kwa kasi, na skrini ikawaka.

Nilikaa chini sakafuni nikacheka peke yangu. Nilikuwa bado nacheka Nimia alipoingia na mfuko wa chipa za moto.

Alisimama palepale. Akaitazama kompyuta iliyo wazi ubavu, akaitazama diski inayoning'inia, akanitazama mimi.

"Umefanya nini?"

"Kaa ujionee. Inawaka. Yule mumeo wa zamani ana maneno mengi."

Hakukaa mara moja. Nilimvutia kiti. Akakaa, akafungua nyumba ndogo moja aliyowahi kumchorea mwalimu. Nyumba ikazunguka kwenye skrini laini kama bata majini, haikukwama popote. Nikapiga goti langu kofi.

"Sasa hospitali," nikasema.

"Hii inatosha, baba. Zima, tumsubiri Derlis."

"Hospitali, mwanangu. Nilione tu geti. Tandiko langu limo humo ndani."

Neno hilo la tandiko ndilo lililomshinda. Nililiona likimshinda. Akafungua mchoro wa hospitali. Geti likatokea, refu, la chuma cha bluu, na miti ya lapacho pembeni imechanua maua ya rangi ya waridi. Tukaanza kwenda. Kokoto zikapita chini yetu. Feni zikapandisha sauti, zikawa zinapiga mluzi, na mlango wa hospitali ukaanza kufunguka.

Nikasikia harufu. Unajua ndoo ya plastiki ikisahauliwa jikoni karibu na mkaa? Ile.

"Zima," Nimia akasema, na kabla mkono wake haujafika, mashine ikazimika yenyewe. Uzi mwembamba wa moshi ukapanda kutoka pale waya wa zawadi ulipoungana na waya wa diski.

Nikang'oa plagi ukutani. Nikachomoa kadi, nikang'oa ule waya, ncha yake imeyeyuka na kuwa nyeusi. Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, nikabonyeza kitufe. Hakuna. Nikabonyeza tena, nikabembeleza, nikatukana kwa Kiguarani, lugha ya mama yangu. Hakuna hata taa.

Nimia hakunigombeza. Alikuwa amekaa na mfuko wa chipa mapajani, mafuta yakipenya kwenye karatasi na kuingia kwenye gauni lake, naye hana habari.

Nje, pikipiki ikazima.

Derlis aliingia ameshika kadi fupi ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa bado asubuhi. Aliwahi kuliko alivyoahidi. Alivuta pumzi moja tu puani akajua kila kitu.

Nilimngoja aseme. Nilikuwa nimeshaandaa hata jibu. Lakini hakunisemesha kabisa, na hilo liliniuma kuliko kama angenirudishia terere yangu usoni. Alipiga magoti, akaichomoa diski taratibu, akainusa kama anavyonusa mtu nyama iliyolala.

"Kazi ya hospitali iko wapi pengine?" akamuuliza Nimia.

"Humo tu."

"Hukuweka nakala popote?"

Akatikisa kichwa.

Derlis akavua shati lake la juu, akaivingirisha diski ndani yake. Alisema atakwenda karakana, aichomeke kwenye mashine yake. Ikiwa moto umefika ndani, basi. Ikiwa umeishia kwenye waya, atapiga simu. Akaacha kadi fupi mezani, akaondoka na fulana ya ndani, diski imefungwa tumboni kama mtoto.

Tukabaki wawili. Nilifanya kile ambacho mtu wa kwetu hufanya akiwa hana la kufanya. Nikatia barafu kwenye chupa ya maji, nikajaza majani kwenye kikombe cha pembe, nikachomeka mrija wa chuma. Nikanywa wa kwanza, maana wa kwanza mchungu ni wa anayemimina. Chipa zilikuwa zimepoa. Hakuna aliyezigusa.

Nilitaka kumwomba radhi nikakosa pa kuanzia. Nikasema tu kwamba ikiharibika nitakwenda mwenyewe kwa Ovelar, nimwambie kosa ni langu.

"Usiende kwa Ovelar," akasema haraka.

Simu ikalia. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya chipa, akaibonyeza kwa kifundo cha kidole, sauti ikatoka nje.

"Imepona," Derlis akasema. "Umesikia, Nimia? Waya ndio ulioungua. Diski ni nzima."

Nilimshukuru Mungu, na kimoyomoyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikamshukuru Derlis. Machozi yalinitoka, sifichi. Jumatatu imepatikana. Meza ya ofisini imepatikana. Na ile kadi fupi ya kumalizia filamu ilikuwa palepale juu ya meza, tayari kupelekwa kwenye mashine ya Derlis.

"Nimeifungua filamu," Derlis aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa na kitu kingine. "Nimeitazama yote. Inaanza getini, inapita korido, inaishia wodi ya watoto wachanga, jua linaingia dirishani. Haina hata sehemu moja iliyokatika. Imekamilika, Nimia. Uliimaliza lini?"

Nimia akaisogeza simu mbali nami.

"Jana uliniambia mashine haiwezi. Mbona iliweza?"

Nimia akakata simu.

Mimi nilikuwa na chupa mkono mmoja na pembe mkono wa pili. Kama mjinga, nikamimina, nikampa. Sikujua mikono ifanye nini kingine. Akanywa taratibu mpaka mrija ukaguna.

"Ningekuambia nini, baba?" akasema. "Kwamba nataka kwenda? Kwamba nimemaliza kazi ya watu, na ile meza siitaki, nataka kuona kwingine? Wewe unajua inavyokuwa. Ukinikataza, ningekucheka. Usiponikataza, ningelia. Nikaona bora mashine ibebe lawama." Akafuta mdomo. "Sikujua utauza tandiko."

Akanirudishia pembe.

"Asante," akasema.

Kwetu, kwenye mzunguko wa terere, mtu hashukuru kila akipewa. Anapokea, anakunywa, anarudisha, zamu inazunguka. Asante husemwa mara moja tu, mtu anapokuwa ametosheka na hataki tena. Nimia alikuwa amekunywa mara moja.

Akainuka, akaingia chumbani, akarudisha pazia.

Simu yake ilibaki mezani. Ikalia tena. Nikaona jina la Derlis, nikaipokea mimi.

Alisikia pumzi zangu akajua ni nani. Akasema kwa kunong'ona, kama tuko kanisani, kwamba filamu anayo mbele yake, na kwamba nyumba ya Ovelar iko mtaa wa pili kutoka karakana. Anaweza kuipeleka sasa hivi, kabla watu hawajakaa mezani kula. Ovelar akishaiona, atampigia Nimia leo leo, atamwita mbele ya wakubwa, na Nimia hajui kukataa mbele ya watu. Hatakwenda kokote.

"Nakuuliza wewe kwa sababu sina haki ya kuamua peke yangu," akasema. "Na mimi sitaki aondoke, kama wewe."

Chumbani zipu ya sanduku ililia, ndefu, kutoka kona hadi kona. Nilitega sikio, safari hii kwa makusudi. Lakini zipu ikifunguliwa au ikifungwa, sauti ni moja.

"Don Eligio. Niipeleke, au nisiipeleke?"

Jibu la baba nilikuwa nalo mdomoni. Na jibu la mtu aliyewahi kumiliki tandiko, mwache aende, nilikuwa nalo pia, palepale, yanasukumana.

Nikafungua mdomo.